Timu Isiyoruka

Wiki iliyopita nilimnunulia Baba dawa ya kuchua. Goti lake la kushoto linamsumbua tangu mvua zianze. Akitoka msikitini anashika ukuta wa jirani kwanza ndipo amalizie njia, na ukimuuliza anasema alikuwa anatazama kama wameupaka chokaa vizuri. Muuza dawa alinipa chupa ndogo ya kijani, akaisifia kwamba inatoka ng'ambo na inapenya mpaka kwenye mfupa. Nilipofungua kifuniko tu, harufu ya kafuri na mnanaa ikanijaa puani, nikajikuta nimekaa kwenye mkeka bila kukusudia.

"Funga hiyo," Baba akasema.

"Hata sijakupaka, Baba."

"Nimesema funga, Zuhura. Niletee hata mafuta ya nazi. Hiyo sitaki iingie humu ndani."

Mama alicheka kutoka jikoni, akasema mzee ameanza kudeka. Kisha harufu ikamfikia na yeye, akanyamaza.

Harufu hiyo ni ya Doha. Si ile Doha ya minara ya West Bay ambayo watu wanapiga nayo picha. Ni ya mtaani kwetu, Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya juu ya duka la Mhindi wa Malabari aliyeuza kila kitu kuanzia mkate mpaka kamba za viatu. Tulikaa kwenye flati moja iliyokatwakatwa kwa plaiwudi ikawa vyumba. Sisi watatu, Baba, Mama na mimi, tulikuwa na chumba cha dirishani. Upande wa pili wa plaiwudi alikaa Mfilipino mmoja aliyeitwa Kocha Rodel. Jiko na bafu tulitumia pamoja. Wenzangu mliolelewa Ghuba mtanielewa: ukuta wa plaiwudi hauzuii kitu. Jirani akipiga chafya unampa pole ukiwa kitandani kwako. Kila jioni Kocha akirudi kazini tulijua anapojipaka dawa gotini, maana chumba chetu kizima kilinukia utadhani tuliopakwa ni sisi.

Siku za mwanzo Mama alilalamika. "Huyu mtu si angejipaka huko nje?"

"Anasimama kutwa kwenye pasi ya mashuka," Baba akamjibu. "Mwache ajipake."

Baba na Kocha walifanya kazi hoteli moja. Baba alikuwa msimamizi wa zamu ya walinzi, getini, na Kocha alikuwa chini kabisa ya jengo, kwenye dobi, anapiga pasi mashuka ya wageni. Lakini kabla ya mashuka, Kocha alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, na kwao mpira wa kikapu ndio kama mpira wa miguu kwetu. Nilijuaje? Nilikuwa nikifuatana naye dukani, na mara nyingi Mfilipino wa umri wake alimsimamisha, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaomba wapige picha. Wakishapiga, yule mtu alitazama sare ya dobi aliyovaa Kocha, akatazama chini, akaondoka haraka. Mimi nilidhani wanamwonea haya kwa kuwa ni mtu mkubwa. Nikawa natembea karibu naye na kifua mbele.

Nilimpenda kwa namna ambayo sijui nilimpenda nani tena vile nje ya wazazi wangu. Nikimwamkia shikamoo, hakujua kuitikia. Alichofanya ni kuniwekea mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso, kama watoto wa kwao wanavyobarikiwa na wakubwa. Mimi niliamini ananipima homa. Nilimsifia kwa Mama kwamba Kocha ananijali kuliko daktari, kila siku ananipima. Aliniita *anak*, na maana ya neno hilo alinieleza mwenyewe: mwanangu.

Sasa nije kwa kijana wa kwenye simu yake.

Kila jioni, baada ya dawa, Kocha alifungua simu na kutazama mchezo. Tulisikia kelele za uwanja, viatu vikilia sakafuni, mtangazaji akipayuka kwa lugha yao, na Kocha akielekeza kwa sauti ya chini, mara kwa Kiingereza, mara kwa lugha yake. Toa pasi. Angalia kushoto. Vizuri. Halafu sauti yake ilibadilika, ikawa ya kubembeleza. "Usiruke, anak. Usiruke." Hapo hapo kelele zilikatika. Kila jioni mahali pale pale, kila jioni maneno yale yale.

Siku moja alinionyesha. Alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi namba kumi na moja, anaruka utadhani sakafu inamchoma. Kabla ya kurusha mpira alikuwa na mtindo wa kupangusa soli za viatu kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Nikamuuliza Kocha huyu ni nani.

"Mtoto mmoja mkaidi," akasema. "Namwambia kila siku, hasikii."

Kilichobaki nilikimaliza mwenyewe. Alikuwa ni mwanawe, amebaki kwao, ana kipaji na kichwa kigumu, na baba yake anamfundisha kwa simu kama Baba anavyompigia bibi yangu kumkumbusha dawa za presha. Nilimpenda na yeye. Nikawa nikiswali namwombea apate viza, aje, nipate kaka.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, na Ijumaa Wafilipino walikuwa na ligi yao kwenye ukumbi wa shule mmoja waliokodi. Timu za mahoteli, za maduka, za madereva. Kocha alikuwa na timu ya dobi. Sheria ya ligi iliruhusu kila timu mchezaji mmoja wa kigeni, basi wengine wote walihangaika kutafuta mtu mrefu. Kocha akamtazama Baba, ambaye akipita mlangoni huinamisha kichwa, akaamua amepata.

"Mimi mpira naujua wa miguu," Baba akamwambia. "Tena nilikuwa kipa."

"Brother, kazi yako getini si kusimama?"

"Ndiyo."

"Basi njoo usimame chini ya ringi. Ni kazi ile ile, tena ndani kuna AC."

Ndivyo Baba alivyoingia ligi. Mechi ya kwanza alidaka mpira, akaukumbatia kifuani na kuulalia chini kama yuko golini uwanja wa Mkwakwani, kwetu Tanga. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Timu pinzani walikuwa wamemwogopa tangu walipomwona anashuka kwenye basi, wakidhani wameletewa mtu wa Amerika. Mama alicheka mpaka akatoka nje. Lakini Kocha hakumtoa. Alimfundisha kidogo kidogo: simama, tanua miguu, weka mgongo kwa mtu, nyoosha mkono juu. Basi. Na kwa urefu wa Baba, mkono ukinyooka ilikuwa inatosha.

Maana timu ya Kocha haikuruka. Hilo ndilo lililokuwa kichekesho cha ligi nzima. Wenzao waliruka, wakaning'inia kwenye ringi, wakaangukiana. Watu wa dobi walicheza miguu ikiwa chini, wanapigiana pasi, wanaweka migongo, wanarusha kutoka sakafuni. Wakati wa mazoezi aliyeruka alizungushwa uwanja mpaka aombe radhi. Watazamaji wakawapa jina, Timu ya Sakafu. Siku moja nilimuuliza Baba kwa nini Kocha hataki waruke, nikidhani hawawezi.

"Anayeruka lazima ashuke," Baba akasema. "Na mtu akivunjika mguu hapa Ijumaa, Jumamosi atasimama na nini? Kampuni haimweki mtu wa kulala. Wanampa tiketi, khalas, arudi kwao. Kocha anawalinda watu wake."

Baba ndiye aliyewapa kauli yao. Kabla ya mchezo, timu nyingine ziliwekeana mikono na kupiga kelele majina ya simba na tai. Baba, kwa utani tu, akasema "Kesho kazi!" Kocha akataka aelezwe maana. Alipoelezwa hakucheka. Tangu siku hiyo Wafilipino wa dobi waliwekeana mikono wakapaza sauti kwa Kiswahili, "Kesho kazi!" na mimi pamoja nao, kwa nguvu kuliko wote.

Nilikuwepo kwa haki, si kwa kufuatana na Baba tu. Kwa desturi yao, siku ya kufungua ligi kila timu huingia ukumbini ikiongozwa na msichana aliyevaa utepe mpana begani wenye jina la timu. Dobi hawakuwa na msichana. Kocha akamwomba Baba ruhusa, Mama akanisuka, nikaongoza timu nikiwa na gauni la Idi na raba chini yake. Raba nilizivaa makusudi, wakinihitaji uwanjani niwe tayari. Hawakunihitaji. Lakini kiti changu kikawa mwisho wa benchi, karibu na begi la maji, na chini ya begi la maji ilikuwa imekunjwa jezi namba kumi na moja. Kila msimu Kocha aliiandikisha, kila Ijumaa aliileta, na hakuna aliyeivaa. Mimi nilijua ni ya nani. Nilikuwa naikagua kila mechi nisije nikaikuta imelowa.

Kwenye maegesho nyuma ya jengo letu Kocha alinifungia ndoo isiyo na kitako kwenye nguzo. Akachora kwa chaki nyayo mbili sakafuni, akaniambia nisimame juu yake, nirushe bila kuruka, nyayo zisionekane. Jua likishuka kidogo nilikuwa pale. Timu ya wasichana wa umri wangu haikuwepo popote ambapo wazazi wangu wangeweza kunipeleka. Lakini msimu ule mwenyekiti wa ligi, Mfilipino mwenye biashara ya kusafirisha mizigo, alitangaza kwamba anafungua skuli ya kikapu ya watoto, na kocha wake atakuwa kocha wa timu bingwa. Kwa Kocha hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Angetoka kwenye pasi. Angeitwa kocha kwa mkataba, si kwa heshima ya Ijumaa tu. Aliniambia jikoni, akikoroga mchele wake, macho yanamcheka.

"Mwanafunzi wa kwanza nimeshampata," akasema. "Anakaa ng'ambo ya plaiwudi."

Wiki zile nililala na mpira.

Wakashinda, wakashinda tena, wakafika fainali. Timu isiyoruka. Waliowacheka wakawa wanakuja mapema kupata viti.

Fainali ilikuwa dhidi ya madereva, vijana wepesi waliokuwa na mchezaji wa kigeni kutoka Senegal aliyejua mpira kwelikweli. Dobi walikwenda watu pungufu, maana hoteli ilikuwa imejaa na wengine walinyimwa ofu. Mchezo ukawa wa bega kwa bega. Karibu na mwisho, Nonoy, mkunja taulo na rafiki mkubwa wa Kocha, akamaliza faulo zake akatolewa. Akaja kukaa karibu nami, akachukua simu aanze kupiga video, maana hakuweza kukaa bure. Walibaki watano kamili uwanjani, Baba chini ya ringi, na dobi wanaongoza kwa pointi moja.

Hapo simu ya Baba ikalia ndani ya begi. Ikakata, ikalia tena. Mama akaipokea, akasimama, akamwita Baba kutoka pembeni mwa uwanja. Mlinzi wa geti kuu alikuwa ameanguka kazini na wageni wakubwa wako njiani. Mudiri, meneja wa hoteli, anataka msimamizi sasa hivi. Gari la kampuni lilikuwa limeshafika nje, linapiga honi.

Kocha aliomba mapumziko. Baba alisimama mbele yake jasho linamtiririka.

"Dakika chache tu, Kocha. Nikamwambie dereva anisubiri."

"Atasubiri?"

Honi ikalia tena.

"Nenda, Brother," Kocha akasema. "Dyuti ni dyuti."

Baba aliondoka na jezi mwilini, suruali ya sare mkononi. Nilimtazama mpaka mlango ukajifunga. Nilipogeuka, Kocha alikuwa ameinama karibu na miguu yangu, anasogeza begi la maji. Akaichukua ile namba kumi na moja, akaikung'uta, akaivaa. Nilikasirika, nasema kweli. Nikaona anachukua nguo ya mwanawe bila ruhusa.

Akaingia. Watu wazima wa Kifilipino walisimama ukumbi mzima, wengine wamejishika vichwa, na mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia kabla ya lolote kutokea. Kocha alichechemea mpaka chini ya ringi, mahali pa Baba. Alipochezewa faulo na kupewa nafasi ya kurusha, kabla ya kushika mpira akapangusa soli za viatu kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Nikamnong'oneza Mama, "Anamwiga mwanawe." Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Mwisho ulikuja haraka. Yule Msenegali akapata mpira, akampita mmoja, akaja mzimamzima kwenye ringi. Kama ilivyofundishwa, ilitakiwa aachwe. Waache wafunge, kesho kazi, hayo yalikuwa maneno ya Kocha mwenyewe. Kijana akaruka. Na Kocha akaruka. Mtu yule aliyekuwa akishuka ngazi zetu kwa kushika ukuta alipanda juu, akapanda tena, mkono umekwenda wote, akaufuta ule mpira kutoka mdomoni mwa ringi. Kwa hapo alipokuwa, hewani, nywele zimeanza mvi, alikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokwisha kuviona.

Kisha akashuka.

Filimbi ikalia, dobi ni mabingwa, wote wakamrukia pale chini. Alikuwa analia. Nilijua ni furaha. Nami nililia furaha yangu, nikiwa nimejifunga utepe kichwani.

Siku zilizofuata alikuwa nyumbani kutwa, goti limefungwa bandeji nene, magongo yameegemezwa kwenye plaiwudi. Kwangu ilikuwa neema. Nilikuwa namsomea, namletea chai. Kikombe cha ubingwa kilikaa juu ya friji, karibu na vitunguu. Jioni moja nikamsikia amefungua ule mchezo wake kwenye simu. Nikasubiri mahali pa "usiruke". Pakafika, hakusema. Kelele hazikukatika. Kwa mara ya kwanza nikausikia ukumbi wa simu ukilipuka kwa shangwe, kisha ukanyamaza wote kwa pamoja, kama watu wameona jambo. Ndani ya ule unyamavu nikamsikia Kocha, taratibu.

"Sawa, anak. Ruka."

Nikafurahi. Nikajua wamepatana na mwanawe.

Haukupita muda mrefu nyumba ikajaa watu. Dobi wote walikuja, na tambi za kukaanga, na keki iliyoandikwa jina lake. Katikati ya chumba lilikuwepo boksi kubwa kuliko mimi, wanalijaza sabuni, chokoleti, makopo ya nyama, mataulo. Nikamuuliza Mama kuna nini. "Kocha anapewa tiketi ya ndege," akasema, "anakwenda kwao." Nikaunganisha mwenyewe tena: bingwa anazawadiwa tiketi. Anakwenda kumchukua kijana, warudi pamoja, skuli ifunguliwe. Boksi lilipokataa kufungika walinipandisha nikalikalia, wakalizungushia utepe wa gundi mimi nikiwa juu, nacheka, napiga makofi, naimba hongera, hongera, Kocha hongera. Watu wakanitazama. Nonoy akatoka akasimama koridoni.

"Asante, anak," Kocha akasema. Alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa.

Baba hakula. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama yuko getini. Watu walipopungua alisogea mpaka kitandani, na kwa urefu wake ule akachuchumaa ili wawe sawa.

"Kocha, nisamehe."

"Dyuti ni dyuti, Brother," Kocha akasema, na akamshika begani mtu aliyemzidi mwili mara mbili. Asubuhi yake nilimwamkia shikamoo mlangoni, akanipima homa. Nikamwambia awahi kurudi.

Chupa yake ya dawa aliisahau jikoni. Baba aliitupa siku ile ile.

Skuli ilifunguliwa, akapewa kocha mwingine, mzima wa miguu. Sikupelekwa. Nyayo za chaki zilikaa kwenye maegesho mpaka matairi yakazila. Nilikuwa nikisimama juu yake na kurusha, namsubiri Kocha na mwanawe, na kila tulipopata jirani mpya ng'ambo ya plaiwudi nilimchukia kwa kuwa si wao.

Ukweli alinipa Mama, tumesharudi Tanga, nimeshakuwa msichana wa kujifunga kanga. Nilisema tu, kwa kukumbuka, kwamba yule mtoto wa Kocha sasa lazima awe mchezaji mkubwa.

"Mtoto gani?" Mama akasema. "Rodel hakuwahi kuoa, hakuwahi kuzaa."

"Yule wa kwenye simu. Kumi na moja."

"Yule ni yeye, Zuhura. Ni mechi yake ya mwisho, siku goti lilipovunjika. Kwani hukujua?"

Sikujua. Nilikwenda nikakaa chooni, mahali pekee pa kufunga mlango nyumbani kwetu, nikalia kwa ajili ya watu wawili waliokuwa mtu mmoja. Kila jioni alikuwa anamsihi yule kijana asiruke, anaizima simu kabla hajaruka, ili walau kwa siku ile asianguke.

Siku moja baada ya ile dawa nikapata ujumbe kutoka kwa Nonoy. Bado yuko Doha, bado anakunja taulo. Ameniandikia kwamba Rodel amefariki kwao, kwamba mpaka mwisho alikuwa akifundisha watoto wa mtaa akiwa amekaa kwenye kiti, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka. Chini ya ujumbe aliweka video.

Nilimwambia Baba. Akataka aione. Hakuwahi kuiona. Wakati ule alikuwa kwenye gari la kampuni, anavaa suruali.

Tukaitazama kwenye kijisimu changu, vichwa vimegusana. Msenegali anakuja. Kocha anapanda. Na hapo, katikati ya kelele za ukumbi mzima, karibu kabisa na simu, ikasikika sauti nyembamba ya mtoto inayopasuka kwa kupiga kelele, nami sikukumbuka kabisa kwamba nilisema kitu.

"Kocha, kesho kazi! Kesho kazi, Kocha!"

Baba aliichukua simu, akairudisha nyuma kwa kidole, akaitazama tena. Akatazama ringi. Akatazama mkono wa yule Msenegali, mpira, nafasi iliyokuwepo.

"Mimi nisingeruka," akasema. "Ningenyoosha mkono tu."

Mama aliingia na chai akaiweka chini, akatoka. Baba akafuta uso kwa kofia yake.

"Ile dawa bado unayo?"

"Ninayo."

"Goti lake lilikuwa lipi?"

"La kulia, Baba."

Akavuta mguu wa suruali taratibu mpaka juu ya goti, akalinyoosha mbele yangu. Nikafungua chupa, nikampaka la kulia, na linalomuuma ni la kushoto.